Barakoa Nilizozifukia Shambani

Redempta mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi hii ukinywa uji umesimama, na haraka zako zile. Sasa umekwenda Katandala kununua kufuli ya begi na kuagana na wenzako, nami nimebaki na kalamu na daftari lako la zamani la Jiografia lenye kurasa tupu nyuma. Nitaandika mpaka nisikie pikipiki inakuleta. Halafu nitaikunja barua hii niiweke chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, usiione mpaka ufike chuoni. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya mwisho ulikuwa unachambua maharage. Nikafungua mdomo, nikakwambia tu kwamba yana mawe.

Habari za kula vizuri na kuchagua marafiki sitaziandika. Hayo unayajua, na mimi sina mdomo wa kumfundisha mtu kuchagua watu. Nataka ujue umelelewa na mtu wa namna gani.

Ule mwaka wa korona wewe ulikuwa ndiyo umeanza kidato cha kwanza, uko bweni. Baba yako alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa mfanya usafi pale zahanati: kupiga deki, kufua mashuka, kukusanya taka. Miaka yote taka zetu zilikuwa pamba na bandeji, kidogo kidogo. Mwaka ule zikaja barakoa. Kila aliyeingia alivaa, kila aliyetoka alitupa, na jioni nilikuwa nazizoa kwa koleo. Kichomea taka chetu kilikuwa kimepasuka. Mganga akaniambia nipeleke mifuko mjini kwenye tanuri la hospitali.

"Na ukikosa usafiri, Gaudensia," akasema, "chimba shimo refu kuliko wewe mwenyewe. Fukia, halafu weka mawe juu."

Nilipeleka mjini mara mbili. Bodaboda wakiona ule mfuko mwekundu walikuwa wanawasha pikipiki na kuondoka, kwa hiyo nikabeba kichwani. Watoto wakanifuata wakiimba, "Mama Korona! Mama Korona!" Mwanamke mmoja ninayesali naye jumuiya moja alivuka barabara akaziba pua kwa khanga. Ningepita pale na mzigo wa kuni angenipokea. Siku ya tatu sikwenda mjini. Nilikata kona nikaja nyumbani, mpaka mwisho wa shamba letu, pale kwenye shimo la zamani la kufyatulia tofali, nikaanza kuchimba. Ilikuwa Agosti. Unaijua ardhi yetu ya Agosti, jembe linaruka kana kwamba umepiga jiwe. Nilichimba mpaka usawa wa goti, nikasema inatosha. Nikafukia. Wiki iliyofuata nikafukia tena, na nyingine, mpaka mwezi wa kumi. Pale zahanati nilisaini kila mara kwamba taka zimefika mjini.

Nilijiambia kwamba zitaoza. Sisi Wafipa tunajua kuozesha. Mama yangu alikuwa anapindua majani na udongo, anajenga ntumba, yale matuta ya mviringo, majani yanaoza humo ndani, na msimu unaofuata ulezi unasimama wenyewe. Kila kitu nilichowahi kukifukia kilioza. Baba yako nadhani naye.

Desemba mvua kubwa zikaja, zikakata ukingo wa shimo. Asubuhi moja nikakuta barakoa zimetapakaa shambani, nyingine zimevuka mpaka hadi kwenye shamba la dada yangu Leokadia, mama mkubwa wako. Niliokota nilizoweza. Nyingine nikazikandamiza kwenye matope kwa kisigino.

Maksai wa Mzee Oresto walikuwa wanapita pale. Unawakumbuka wale wawili, kitongoji kizima kilikuwa kinalima kwa shingo zao. Siku mbili baadaye nilimkuta yule mwekundu, mwenye pembe iliyopinda, amesimama mpakani anatafuna. Kamba nyeupe ya barakoa ilikuwa inaning'inia pembeni mwa mdomo wake. Ng'ombe wanapenda chumvi, na vitu vile vilikuwa vimelowa jasho na mate ya watu. Ningeweza kuivuta ile kamba. Ningeweza kumwita Oresto, nilikuwa naisikia sauti yake kule chini kwenye mfereji. Niligeuka nikatazama kama kuna mtu ananiona. Sikuona mtu. Nikaenda zangu.

Januari, wewe ukiwa umesharudi shule, yule mwekundu akaacha kula. Tumbo likavimba upande mmoja. Akafa. Mwenzake akamfuata kabla ya wiki kwisha.

Kuna jambo lilitokea kabla ya hapo, na bila hilo huenda dada yangu angekuwa bado jirani yetu. Novemba maksai wale waliingia kwenye ulezi wa Leokadia uliokuwa umechipua tu, wakaukanyaga wote. Akamkuta Oresto kwenye mashine ya kusaga, watu wamejaa na ndoo zao, akamwambia, "Ng'ombe wako wakiingia tena kwangu, hutawaona wakitoka." Yalikuwa maneno ya hasira ya mtu aliyepotelewa na chakula. Watu walicheka siku ile. Januari hawakucheka.

Maksai wa pili alipokufa, mwenyekiti alimwita bwana mifugo kutoka mjini. Alikuwa kijana mgeni, ana buti mpya. Kitongoji chote kilikuja. Akaning'iniza koti lake kwenye mti, akachomoa kisu, akasema, "Nataka nimpasue tumbo, tujue amekula nini."

Redempta, nilikuwa nimesimama mstari wa mbele na gauni langu la buluu la zahanati. Nilijua kuna nini mle tumboni kama ninavyojua kuna nini kwenye kabati langu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Usipasue! Mimi natoka zahanati. Hiyo ni sumu. Ukimfungua, hewa yake itaingia kwa kila mtu aliyesimama hapa."

Yule kijana akasita. "Una uhakika, mama?"

"Sumu naijua kwa harufu."

Hakukuwa na harufu yoyote, zaidi ya ile ya ng'ombe aliyekufa. Lakini niliaminiwa. Mtu anayepiga deki tu pale zahanati aliaminiwa kuliko kisu, kwa sababu ya gauni. Wewe unakwenda kuvaa koti jeupe, na watu watakuamini kabla hujafungua mdomo. Utaona mwenyewe jinsi inavyokuwa tamu.

Wakamzika bila kumpasua. Wanaume sita walichimba, na shimo lile lilikuwa refu kuliko mtu.

Ndipo mmoja akauliza, "Sumu ya nani?"

Sikumtaja mtu. Lakini nyuso ziligeuka zenyewe. Leokadia alikuwa kando yangu, tumekuja pamoja, bega kwa bega. Akanishika mkono.

"Gaude, waambie," akasema.

"Niwaambie nini?"

"Waambie mimi sina sumu. Wewe unaingia ndani kwangu kila siku."

Nakuandikia nilivyojibu, sipunguzi hata neno moja. Nilisema, "Dada, mimi sijui kila kitu unachoweka ndani."

Akauachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuachia taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha mwenzake alichokuwa amekiazima.

Siku ya tatu wana wa Oresto walikuja kung'oa bati za nyumba ya Leokadia. Hakupigwa. Watu hulisema hilo mpaka leo kama sifa, kwamba hakupigwa. Mvua ilikuwa inanyesha, na kitanda chake kililowa huku yeye amekaa juu yake, miguu ameikunja, anatazama jinsi misumari inavyotoka. Nilikuwa dirishani kwangu. Alifunga godoro na sufuria mbili, akateremka bondeni, Milepa, kwa watoto wa mjomba. Aliyekushika wewe ulipotoka tumboni mwangu, aliyekubeba mgongoni miaka yote niliyokuwa napiga deki, alipita mbele ya mlango wangu, na mimi nilikuwa nimeufunga kwa ndani.

Ulipokuja likizo uliyasikia mtaani. Ukaniuliza, "Mama, ni kweli mama mkubwa aliwapa ng'ombe sumu?"

Nikakujibu, "Ndivyo watu wanavyosema."

Kesho yake niliikuta chooni ile sweta ya kijani aliyokufumia mama mkubwa wako. Uliitumbukiza mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na minne na baridi yetu ya Juni unaijua, lakini uliona bora utetemeke kuliko kuvaa kitu kilichotoka kwenye mikono ya muuaji. Nilikuona unalia, nikakusifu kwa kuwa na msimamo.

Baada ya hapo niliishi vizuri. Ningependa kukuandikia kwamba nilikonda, kwamba sikupata usingizi. Nililala. Nilichaguliwa mhazini wa jumuiya. Nilinenepa kidogo. Mtu anaweza kuishi na jambo kama hili miaka mingi na bado akafurahia maharage mabichi.

Halafu ukafika kidato cha tano, kule shule ya misheni upande wa Kaengesa, na mwalimu wako akawaambia kuna bakteria wanaoweza kula plastiki. Likizo ya Desemba ulikuja na jambo hilo moja tu mdomoni. Unakumbuka ulivyonieleza tukipepeta ulezi?

"Mama, barakoa si kitambaa. Ni plastiki iliyosokotwa nyembamba kama utando wa buibui. Ukiifukia inakaa tu. Lakini jua likiichosha kwanza, bakteria wanapata pa kuishika. Wanaota juu yake utelezi kama wa bamia, wanang'ata kidogo kidogo. Wanakwenda polepole mno, ndiyo maana watu hawana subira nao."

"Na hao bakteria wanapatikana wapi?"

"Popote penye uozo. Mimi nitaanza na udongo wa ntumba."

Nikacheka, nikaona ni mchezo wa shule. Kesho yake saa nne ulikuja unakimbia kutoka mwisho wa shamba, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko. "Mama! Nimepata hazina! Kuna barakoa zimefukiwa kule, mamia, na bado nzima! Nani alizifukia?"

Nikasema sijui, labda wapita njia.

Ukapanga chupa nne kwenye stoo. Ya kwanza ilikuwa na kipande cha barakoa na maji matupu. Ya pili uliweka udongo uliouchemsha ili usiwe na uhai. Ya tatu udongo wa ntumba. Ya nne udongo wa lile shimo, uliokuwa umegandamana na barakoa miaka yote ile. Ulisema, "Kama kuna bakteria waliojifunza kuila, watakuwa hapa, maana hawakuwa na chakula kingine." Vipande vyote ulikuwa umevianika juu ya bati wiki tatu. Kisha ukarudi shule, ukaniachia mimi chupa zako.

"Kila Jumapili, mama, kijiko kimoja cha maji yaliyochemshwa. Ni kama kufuga."

Nami nilifuga. Sikukosa Jumapili hata moja. Sijui nikueleze vipi, lakini nilizipenda. Nilikuwa naingia stoo nazisalimia kama vifaranga.

Pasaka ukaja na mizani ndogo uliyoazimwa shuleni. Ulipima vipande vyote, ukaandika, ukapima tena. Chupa tatu hazikuwa na jambo. Kipande cha chupa ya nne kilikuwa kimepungua. Kidogo tu, ulisema hata punje ya ulezi ni nzito kuliko kilichopungua, lakini kilikuwa kimepungua, na kina utelezi, na ukikiinua kwenye mwanga kina vitundu. Ulinishika mabega ukanizungusha jikoni. Ukampigia mwalimu wako ukiwa unapiga kelele. Alipokata simu ukaniambia, "Mama, baada ya likizo nitaonyesha mbele ya wataalamu kutoka mjini. Halafu watakuja hapa. Wanataka waone shimo, wajue barakoa zilitoka wapi na zilifukiwa lini."

Niliona picha yote kwa mara moja. Wataalamu shambani, mwenyekiti anawasindikiza, mganga anaulizwa nani alikuwa anatupa taka za zahanati, Oresto amesimama mpakani anahesabu miezi kwa vidole.

Jumapili ile ulikwenda misa ya kwanza. Nilikwambia kichwa kinaniuma. Nilichukua klorini niliyokuja nayo kutoka zahanati. Kuua vijidudu ndiyo kazi niliyofundishwa, Redempta, ndiyo kazi pekee duniani ninayoijua barabara. Kabla ya kumimina nilikitoa kile kipande cha chupa ya nne kwa kibano chako. Nilikivuta kidogo tu kwa kucha na kikaachia, kikachanika bila sauti. Cha chupa ya kwanza nilikivuta kwa nguvu na hakikuchanika. Wale wadudu wako walikuwa wanakula. Nataka uelewe kwamba nilijua. Sikuharibu kitu nilichodhani ni takataka. Nilivirudisha chupani, nikamimina, nikasubiri mpaka nikasikia kengele ya misa ya pili, nikamwaga maji yale, nikaweka mengine safi, nikazianika chupa juani mpaka harufu ikaisha. Uliporudi nilikuwa nimekupikia wali.

Yaliyotokea shuleni ulinisimulia kwa vipande vipande. Kwamba chupa haikuwa na kitu hai. Kwamba kipande kilikuwa kimechanika na kimepoteza utelezi wote, na mwalimu aliyekuwa anakupenda alikuuliza mbele ya darasa, "Ulikichana kwa mkono?" Kwamba alisema umeandika matokeo uliyotamani kuyaona. Kwamba jina lako liliondolewa kwenye orodha ya watakaoonyesha, na mwezi mzima wenzako walikuita Profesa Barakoa.

Ulikuja ukakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, ukaniambia, "Mama, sijui nilikosea wapi."

Hapo ningeweza kukukumbatia nikanyamaza, ungebaki na kilio chako tu. Nikasema, "Labda sayansi si ya watu kama sisi."

Nilisema ili usijaribu tena. Na ili nihakikishe, wewe ulipoondoka nilichimba shimo lote siku nne, nikatoa barakoa zote, nikazichoma kwa mafuta ya taa. Moshi mweusi ulikwenda mpaka kwa Oresto. Nikakwambia kwenye simu nimesafisha shamba.

Nilifikiri imekwisha. Lakini wewe ulikataa kufa. Barua ya chuo ilipokuja na nikauliza unakwenda kusoma nini hasa, ulinijibu huku unafua, bila hata kuinua macho: "Vijidudu, mama. Bakteria. Nataka nijue nilikosea wapi."

Miaka mitatu, au mingapi sijui, utafute kosa lisilokuwapo. Ndiyo maana mwezi uliopita nilipokuaga nakwenda mazishi ya mtu wa jumuiya, sikwenda mazishini. Nilipanda gari la Milepa.

Leokadia amezeeka. Goti moja limevimba, analima kijaruba cha mpunga cha watu. Joto la bondeni limemkausha uso. Nilisema, "Shikamoo dada," hakuitikia. Alinipa maji, hakukaa. Nikamwambia yote, hadi klorini. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Niliziokota barakoa kwangu. Na ile kamba mdomoni mwa yule mwekundu niliiona. Nikakuona na wewe unavyoiona. Nilikuwa nimeinama kwenye maharage."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Wangetufukuza wote wawili. Mtoto angebaki na nani? Nikasema mdogo wangu atasema mwenyewe. Nilikushika mkono, Gaude. Nilikuwa nakusubiri."

Nikapiga magoti. Akaniambia nisimchafulie mlango.

"Usidhani nilinyamaza kwa sababu nilikusamehe," akasema. "Kila nikiamka na joto hili nakutaja, na sikutaji kwa sala." Kisha akauliza, "Redempta ananisemaje?"

Nilitaka kudanganya. Mdomo ulikwisha kujiandaa. Nikamweleza habari ya sweta.

"Ile ya kijani?"

"Ile ya kijani."

Akatazama mikono yake muda mrefu. Vidole havinyooki tena, hawezi kushika hata sindano ya kushonea. Akasema, "Mwandikie. Usimwambie kwa mdomo, maneno yako ya mdomo nimeshayaona yanavyogeuka. Mwandikie akae nayo." Akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikasubiri gari juani mpaka alasiri.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Oresto. Alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi. Nikamwambia, "Mzee, maksai wako niliwaua mimi," nikamweleza. Hakuacha kupukuchua.

"Nani mwingine anajua?"

"Leokadia."

"Na binti yako?"

"Bado."

"Basi iishie hapo."

Nikadhani hajanielewa. "Mzee, nimesema ni mimi. Dada yangu hana kosa."

"Nimesikia, sijawa kiziwi. Ng'ombe wamekufa, hawarudi. Lile shamba la dada yako nimelilima misimu mitano. Mwanangu amejenga pale, kaezeka kwa bati zile zile, ana watoto watatu mle ndani. Unataka nimwambie ahamie wapi?" Akatupa gunzi uani. "Mwaka ule ungeniambia hivi, ningekuua kwa mikono hii. Leo nakuomba unyamaze. Na usiponyamaza nitasema mlikuwa wawili, yeye na wewe. Unafikiri watamwamini nani?"

Kwa hiyo ujue, mwanangu, nilichelewa mpaka ukweli ukakosa mtu wa kuutaka. Nilidhani uko pale umekaa unanisubiri. Watu walijenga juu yake.

Jana na leo asubuhi nilipokwambia nakwenda kuchimba viazi, nilikuwa kwenye shimo. Nilitafuta barakoa hata moja iliyosalia. Nimepata majivu na vidonge vyeusi vya plastiki iliyoyeyuka. Nimejaza udongo wa chini kabisa kwenye kopo, halikuguswa na klorini wala sabuni, liko ndani ya begi limeviringishwa kwenye gauni lako jekundu. Sijui kama kuna kitu kilichobaki hai. Wewe utajua namna ya kutazama. Kama hakuna, basi hakuna, na aliyeua ni mimi. Wewe hukukosea popote, wala hesabu, wala mizani, wala usafi. Mwonyeshe barua hii yeyote atakayekuuliza. Nimemwandikia mwalimu wako pia, nusu ukurasa, nitaipeleka kwa mkono wangu.

Kesho basi lako likishaondoka nitatoka stendi moja kwa moja hadi jumuiya. Wanakutana kwa mama yule aliyeziba pua. Nitasimama nitasema, Oresto akiwepo na wanawe wakiwepo, na nitataja zahanati, shimo, kisu na gauni. Nimechagua kesho ili usiwe hapa kuona watakavyonifanya. Huo nao ni uoga, naijua sura yake. Bati zangu ni kumi na nane na bado zinang'aa, watakuwa na kazi fupi.

Usirudi kunitetea. Ukisikia nimefukuzwa, endelea na masomo yako. Ukisikia wamenisamehe, usifurahi, maana wenye haki ya kusamehe si wao.

Nasikia pikipiki kule darajani, sijui kama ni yako. Sikuombi unipende. Ninakuomba kitu kimoja. Ukishafika na ukapata kitanda na karatasi, barua yako ya kwanza usiniandikie mimi. Iandike iende Milepa, kwa mama mkubwa wako, na uandike herufi kubwa maana macho yake yamefifia. Mimi nitasubiri ya pili, hata kama haipo.

Mimi mama yako,
Gaudensia